Sura ya Sita: Nguvu Yenye Mwenyewe

Ugomvi unaowatenganisha wachezaji wa michezo ya kuigiza mezani una umri mkubwa kuliko wengi wao. Upande mmoja wamo watunga wahusika, ambao huanza na mtu: ni nani, ametoka wapi, anaogopa nini, amemkosea nani. Upande wa pili wamo wapiga hesabu, ambao huanza na kanuni: silaha ipi, kipaji kipi na asili ipi zikiunganishwa zitamzaa mhusika asiyeshindika. Watunga wahusika huwalaumu wapiga hesabu kwamba wanaleta mezani jedwali lililopewa jina la mtu. Wapiga hesabu nao hujibu kwamba wenzao ni mzigo, kwa kuwa vita vikianza hawana msaada wowote, kisha vikiisha wanataka wasikilizwe wakisimulia majonzi ya mhusika wao. Vikundi vizuri vimevunjika kwa sababu hii, na wengi waliobaki wamejifariji kwa kusema kwamba kila mtu ana ladha yake. Faraja hiyo siikubali. Kuna njia bora na njia mbaya ya kumuumba mhusika, na ushahidi wake umekuwepo kwa miaka mingi katika masimulizi ya watu wa Nyanza na wa pwani, kabla dadu ya kwanza ya mchezo huu haijarushwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza hiyo, mchezo ni huu. Watu wanne au watano hukusanyika. Mmoja wao ni msimamizi, ambaye hueleza dunia ya hadithi na kuwaigiza wote waliomo. Waliobaki kila mmoja huishi ndani ya mhusika mmoja, ambaye sifa zake zimeandikwa kwa namba kwenye karatasi. Mchezaji husema anachotaka kufanya. Jambo likiwa la hatari, dadu hurushwa, namba ya karatasini huongezwa, na jumla inayopatikana huwa ndiyo kweli ya meza nzima: mkuki umempata nyati, au umepita juu ya mgongo wake. Kwa hiyo kila mhusika ana sura mbili, ya nafsi na ya namba, na hakuna mchezaji anayeweza kukwepa yoyote kati yake. Ninachodai katika sura hii ni kwamba sura hizo mbili hugombana pale tu nguvu ya mhusika inapokosa mwenyewe, yaani isiposema ilitoka wapi, inamtumikia nani, na nani ana haki ya kuidai. Nguvu ikishapata mwenyewe, kuipigia hesabu hadi tone la mwisho si dhambi tena. Ni sehemu ya kumheshimu mhusika.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na wazazi wawili wasiofanana. Wa kwanza ni mchezo wa vita wa Prussia, Kriegsspiel, ambao afisa kijana Georg von Reisswitz aliuchapisha mwaka 1824 kwa ajili ya kuwafunza maafisa wenzake kwa ramani, vipande, dadu na majedwali ya hasara. Humo askari hana jina. Kikosi ni namba inayopungua. Mzazi wa pili alitokea Minnesota, Marekani, mwaka 1969, David Wesely alipoandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni wa Braunstein na kuwapa wachezaji watu wa kuwaigiza badala ya majeshi pekee, kila mmoja na haja zake za siri. Dave Arneson alikuwa miongoni mwa waliocheza, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax walichapisha Dungeons & Dragons. Katika toleo hilo la kwanza ugomvi wetu haukuwa na mahali pa kusimama. Kila sifa, kuanzia nguvu hadi haiba, ilitolewa kwa kurusha dadu tatu, na katika matokeo 216 yanayowezekana, 18 hutokea mara moja tu. Ulichopewa ndicho ulichokuwa nacho, na mtu ulimtengeneza kutokana na bahati hiyo. Ugomvi ulianza wachezaji waliporuhusiwa kununua namba zao kwa pointi, kama ilivyokuwa katika Champions ya 1981 na GURPS ya 1986. Aliyepewa uhuru wa kuchagua anaweza kuulizwa kwa nini alichagua hivyo.

Wapo wanaoona upigaji hesabu kama tabia ya kigeni, baridi, isiyolingana na jamii ya wasimulizi. Hao wangefaa kwenda Thimlich Ohinga, upande wa Migori, mwendo usio mrefu kutoka Ndhiwa, Nyanza Kusini. Kuta zake za mawe zilijengwa bila udongo wala saruji, zikafika urefu wa mita 4.5 mahali pengine, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani ya uzio huo, kwenye mwamba, kuna vishimo vya mchezo wa mbegu ambao Wajaluo huuita ajua. Katika ajua hakuna bahati wala dadu. Mshindi ni yule anayeweza kuhesabu mbegu zitaangukia wapi baada ya mkono huu na ule unaofuata, na sifa yake huenea kijijini kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kumlaumu bingwa wa ajua kwamba anacheza bila moyo. Ila mbegu ya ajua haina jina, na hakuna anayeililia ikiliwa. Habari za watu, za mabibi harusi wa ajabu na majitu na mashujaa, zilikuwa na nyumba yake: siwindhe, ambamo mwanamke mzee aliyeitwa pim aliwalea watoto na kuwasimulia usiku. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo walieleza katika kitabu chao Siaya cha 1989 jinsi pim alivyokuwa mwalimu wa jamii nzima kupitia malezi hayo. Hesabu ilikaa uwanjani, nafsi ikakaa siwindhe, na hakuna iliyoidharau nyenzake. Mchezo wa kuigiza mezani umeziketisha pamoja, na hilo ndilo jambo jipya.

Tuanze na madai ya wapiga hesabu, kwa sababu yana uzito zaidi ya wapinzani wao wanavyokiri. Chukua kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, la 2014, ambalo hutumia dadu ya pande 20. Mpiganaji wa kwanza ana nguvu 16, inayompa nyongeza ya 3. Wa pili, kwa kuwa mwenyewe alimtaka awe fundi cherehani aliyelazimika kushika upanga, ana nguvu 12, inayompa nyongeza ya 1. Wote wawili wana 2 ya mafunzo. Dhidi ya adui mwenye kinga ya 13, wa kwanza humpata kwa asilimia 65 na wa pili kwa asilimia 55. Watetezi wa wahusika hupenda kuishia hapo: tofauti ni pigo moja katika kumi, nani atalihisi? Lakini nyongeza hiyo hiyo huingia pia katika jeraha. Upanga wa kawaida hujeruhi kwa wastani wa 4.5, kwa hiyo pigo la wa kwanza likifika lina thamani ya 7.5 na la wa pili 5.5. Zidisha kwa uwezekano wa kufika, na kila zamu wa kwanza analeta karibu 4.9, wa pili 3. Mshona nguo wetu anafanya takriban asilimia 62 ya kazi ya mwenzake, usiku kucha, na asilimia 38 iliyobaki inalipwa na wengine kwa damu ya wahusika wao. Namba ni ahadi kwa wenzako mezani kwamba wakikutegemea mahali fulani hutawaacha. Anayezipuuza kwa jina la sanaa amechukua uhuru ambao gharama yake inabebwa na watu wengine, na si haki amwite mwenzake mbinafsi.

Hata hivyo, mpiga hesabu asifurahi upesi, kwa sababu sehemu kubwa ya hesabu anayojivunia imepandwa makusudi na watunga kanuni. Monte Cook, mmoja wa wabunifu wa toleo la tatu lililotoka mwaka 2000, aliandika baadaye kwamba kanuni zile ziliwekewa chaguo bora na chaguo hafifu bila kumwonya msomaji, ili anayezisoma kwa makini apate zawadi ya umahiri wake. Mchezaji mgeni aliyechagua kipaji kwa sababu kilimfaa mhusika wake angeweza kuangukia mtego bila kujua. Pointi za mapungufu nazo zilileta ugonjwa wake. Champions iliwalipa pointi wachezaji waliokubali mhusika awe na udhaifu, maadui au watu wanaomtegemea. Wazo zuri sana, kwa maana liliifanya nafsi iwe na bei. Lakini bei ikishawekwa, watu hutafuta bidhaa rahisi. Ukapatikana udhaifu wa kununuliwa ambao hauumi kamwe: woga wa kitu kisichokuwepo katika nchi ya hadithi, adui asiyejua njia ya kufika. Hapo udhaifu umegeuka kuwa pesa, na mhusika hajapata chochote. Nataja haya kwa sababu mara nyingi lawama hutupwa kwa tabia za wachezaji, kana kwamba mmoja ana roho na mwingine hana, ilhali kanuni zilizowafundisha kutenganisha nguvu na mwenyewe zimekaa mezani mbele yao.

Sasa tumtazame Luanda Magere. Masimulizi yanamweka katika ukoo wa Sidho, nyanda za Kano, wakati wa mapigano na Wanandi. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki na mishale iliteleza. Walioshindwa kumuua vitani walimtolea binti yao awe mkewe, naye siku ya ugonjwa akamwambia mke huyo asichanje mwili wake, achanje kivuli. Damu ikatoka kivulini. Mke akapeleka habari kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kivulini, Magere akaanguka, akawa mwamba ambao hadi leo unaonyeshwa na wenyeji. Okoiti Omtatah aliifanya habari hiyo tamthilia iliyochapishwa 1991. Mtazame kwa jicho la mpiga hesabu: kinga isiyo na kikomo na udhaifu mmoja uliofichwa mahali ambapo hakuna adui angefikiri kupiga. Kwa lugha ya mezani huyo ni mhusika aliyenolewa hadi mwisho. Mtazame tena kwa jicho la mtunga wahusika: ni mtu ambaye hakuna adui awezaye kumgusa, na anayemuua ni yule wa karibu aliyemwonyesha anakoumia. Nguvu na hadithi ni kitu kimoja. Huwezi kuubadilisha udhaifu wake, ukampa woga wa nyoka kwa mfano, bila kuiharibu habari yote, kwa kuwa kivuli ndicho kinachoufanya ule ujiwe uwe wa mtu mmoja na si wa mwingine yeyote.

Pwani inatupa shahidi wa pili, na namtaja kwa ufupi kwa kuwa wasomaji wengi wanamfahamu tangu shule. Fumo Liyongo, katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, hawezi kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo anamwambia mwanawe, naye mwana, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, anakwenda kuitekeleza baba akiwa usingizini. Liyongo akafa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Zingatia kwamba hata maiti yake inaendelea kuwa na nguvu ya kuutisha mji. Msimulizi hakuona aibu kumpa shujaa wake ukubwa wa kupita kiasi. Alichofanya ni kuufunga ukubwa huo kwa watu watatu wanaoweza kutajwa: mfalme anayeuogopa, mama anayeulinda, mwana anayeuuza.

Mfano ulio karibu zaidi na Ndhiwa ni mgumu kuliko hao wawili, na ndiyo sababu una faida zaidi. Gor, mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo, alikuwa mtu wa kweli wa Kanyamwa, jabilo, yaani mtabiri, na kiongozi, ambaye utawala wa Waingereza ulimkuta akiwa hai. Jina lake la Gor Mahia lilichukuliwa na klabu ya soka mwaka 1968, na linaimbwa viwanjani na watu ambao pengine hawajawahi kufika Ndhiwa. Masimulizi yanasema aliweza kujigeuza apendavyo: mzee, kijana, mwanamke, mnyama, hata kitu kisicho na uhai. Hana kivuli chenye damu wala sindano ya shaba. Kwa mpiga hesabu huo ni utajiri usio na mfano, maana uwezo wa kubadili umbo ni miongoni mwa vipengele vilivyovuruga kanuni za Dungeons & Dragons kuliko vingine vyote. Katika zama za toleo la tatu wapiga hesabu walimuumba kiumbe aliyeitwa Pun-Pun, mhusika mdogo wa jamii ya kobold, ambaye kwa kuunganisha kanuni za kiumbe mwenye uwezo wa kuumba upya maumbile ya wengine alipata sifa zisizo na ukomo. Waliomtunga hawakukusudia achezwe. Walitaka kuonyesha mahali kanuni zinapopasuka, na kwa lengo hilo walifanya kazi ya akili ninayoiheshimu. Ila waweke wawili hao ubavu kwa ubavu. Wote hubadilika watakavyo. Kuhusu mmoja kuna hadithi zinazosimuliwa tena na tena kwa zaidi ya karne. Kuhusu mwingine kuna hesabu inayothibitishwa mara moja, kisha imekwisha.

Tofauti haiko katika ukubwa wa nguvu, kwa sababu kwa ukubwa Pun-Pun anamshinda kila mtu. Iko katika hili, kwamba kila Gor anapogeuka katika masimulizi, kuna mtu aliye mbele yake: mgeni anayepimwa kama atamheshimu mzee mchafu asiyemjua, adui anayepotezwa njia, mtumishi wa serikali aliyekuja kumtafuta na kumkuta mwingine. Nyuma yake wapo Wakanyamwa, ambao nguvu hiyo ni yao kabla ya kuwa yake. Jabilo alikuwa na kazi ya kuwaambia vijana waende vitani au wakae, na neno lake likienda vibaya waliokufa walikuwa watoto wa majirani zake. Jamii haikumtaka jabilo dhaifu kwa ajili ya uzuri wa simulizi. Ilimtaka anayeweza. Kwa maana hiyo Wakanyamwa walikuwa wapiga hesabu wakali kuliko mchezaji yeyote wa leo, kwa kuwa walichokuwa wakipima ni uhai wao. Lakini hawakuwahi kuuliza swali la nguvu bila kuuliza ni ya nani. Gor asiye na udhaifu wa mwilini bado anadaiwa pande zote, na mtu anayedaiwa anaweza kusimuliwa hata kama hawezi kuchomwa.

Hapa ndipo ninapoachana na watunga wahusika wanaoamini kwamba udhaifu peke yake ndio huzaa mhusika. Imani hiyo imeenea: mpe mguu mbovu, mpe ulevi, mpe nguvu 8 na upanga mzito, naye atakuwa mtu. Ukweli ni kwamba kivuli cha Magere kina maana kwa sababu mwili ni jiwe. Mtu anayechomeka kila mahali hana kivuli cha kusimuliwa. Ni majeruhi tu. Ndiyo, wapo wahusika wazuri walio hafifu kabisa, na hadithi za sungura zimejaa huko Nyanza kama zilivyojaa pwani. Lakini mtazame sungura kwa makini. Hana misuli, ila kwa ujanja hakuna anayemfikia. Mtungaji wake wa kale alimnyima pointi zote za nguvu na kuzimimina zote katika akili. Hata yeye amenolewa. Mchezaji anayetaka kumcheza mwoga, mzee au kilema basi asikwepe hesabu. Aulize mzee huyu ni hodari wa nini kiasi kwamba wenzake wanamvumilia njiani, kisha aandike namba bora kabisa za jambo hilo. Mshona nguo wetu wa upanga hafifu angeokoka kama mwenyewe angeuliza macho na vidole vya mshonaji vinaweza nini katika vita, akamwekea wepesi 16 na silaha nyepesi inayotegemea wepesi. Kwa kanuni zile zile angempata adui kwa asilimia 65 kama mwenzake, na bado angebaki fundi.

Utamaduni wa Wajaluo una desturi inayoonyesha jinsi dai la nafsi linavyopimwa hadharani. Katika pakruok, mpiga nyatiti akiwa katikati ya wimbo, mtu husimama, hulipa ili nyuzi zinyamaze, kisha hujitaja: mwana wa fulani, wa ukoo fulani, rafiki wa fulani, aliyefanya jambo fulani. Kuna mambo matatu humo ambayo meza ya mchezo inayahitaji. Sifa hutamkwa mbele ya watu wanaomfahamu msemaji, kwa hiyo akizidisha, kuna wa kumcheka. Sifa ina malipo, kwa hiyo si kila mtu atasimama kila dakika. Na sifa hutaja wengine zaidi ya inavyomtaja mwenyewe. Mtu hujengwa kwa majina ya shangazi, mkwe, mto, ng'ombe na rafiki. Linganisha na karatasi tatu za historia ambazo mtunga wahusika huziandika peke yake nyumbani na kumpa msimamizi aone. Hazikupita mbele ya mtu, hazikulipiwa, na mara nyingi kila aliyetajwa humo amekwisha kufa, kwa kuwa mashujaa wa aina hiyo hupenda sana kuwa yatima. Mhusika yatima asiye na kwao hana anayemdai. Katika hilo yeye na mhusika wa mpiga hesabu ni ndugu wa tumbo moja, na nadhani wachezaji wa aina zote mbili wangeshangaa kulisikia.

Utapinga ukisema kwamba dawa rahisi ni kuachana na namba. Ipo michezo iliyoelekea huko, na baadhi yake ni mizuri: Vampire: The Masquerade ya 1991 ilitangaza kwamba usimulizi ndio moyo wake, na Apocalypse World ya Vincent Baker, ya 2010, ilifunga kanuni zake kwa yale yanayotendeka katika hadithi. Lakini tamaa ya kushinda haiondoki namba zinapopungua. Huhamia kwenye muda wa kuzungumza, kwenye kumvutia msimamizi, kwenye ufasaha. Mchezaji mwenye maneno mengi huwa ndiye mwenye nguvu 18, na mchezaji mkimya hana jedwali la kumtetea. Ninaona busara zaidi katika RuneQuest ya 1978, ambapo ujuzi hukua kwa kutumiwa: anayetaka mkono wake wa upinde upande lazima kwanza aupige upinde ndani ya hadithi. Humo namba inabeba kumbukumbu ya alichofanya mtu.

Pingamizi moja linastahili jibu la heshima zaidi. Gor alikuwa na watoto na wajukuu. Kizazi chake kipo Kanyamwa. Je, ni adabu kumgeuza mzee wa watu kuwa karatasi ya mchezo, kumpa wepesi 14 na kumrusha kwa dadu? Naona si adabu, na pia si lazima. Mwaka 2002 kampuni ya Atlas Games ya Marekani ilitoa Nyambe, kitabu cha Christopher Dolunt kilichobuni bara la kichawi kwa kuchota mila za Afrika nzima. Kilikuwa na nia njema, lakini mila iliyokusanywa toka kila kona hupoteza mwenyewe, na hapo tunarudi kwenye kosa lile lile. Mchezaji wa Ndhiwa hana haja ya kumkopa Gor wala ya kwenda kwenye bara la kubuni. Amuumbe mtu mpya wa mahali anapopajua: mwindaji wa bonde la Olambwe, kwa mfano, aliyebaki bondeni wakati mbung'o na ugonjwa wa malale vilipowafukuza wenzake. Kutokana na hilo peke yake namba zinaanza kujiandika. Ustahimilivu wake uwe juu sana, macho yake yaone kabla ya wengine, haiba yake iwe ndogo kwa miaka aliyokaa bila watu. Na ana deni, kwa maana waliohama waliacha kwake makaburi ya kuyatunza. Mpiga hesabu ataona huyu ni skauti imara. Mtunga wahusika ataona mtu. Hakuna aliyelazimika kumwachia mwenzake kitu.

Kwa walimu wanaosimamia vilabu vya drama katika shule za Ndhiwa, Rongo, Awendo na Homa Bay, naandika hili kama ombi. Gharama si kizuizi tena: tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziko huru chini ya leseni ya Creative Commons, na simu moja inatosha kuzipakua kwa ajili ya kikundi kizima. Msiwaache wanafunzi waumbe wahusika nyumbani, kila mmoja peke yake. Waketisheni pamoja siku moja, kila mmoja asimame aseme mhusika wake ni nani, ana nguvu gani, ameipata kwa nani, na nani ataidai kabla hadithi haijaisha. Wengine waulize maswali hadi waridhike. Baada ya hapo wafungulieni kanuni, na mwacheni kila mwanafunzi apige hesabu kwa ukali wote alio nao. Atakayeshindwa kumtaja hata mtu mmoja anayemdai mhusika wake, arudishiwe karatasi aanze upya, hata kama namba zake zimetimia.